Nikikataa kupigwa, nimeikataa aya?

"Ustadha, assalaam alaykum. Nina miaka 34, naishi Tanga, nina watoto watatu. Nashona nguo nyumbani na niko kwenye kikoba cha wanawake wa mtaani. Mwezi uliopita tulivunja kikoba, mume wangu akataka nimpe ile hela ya mgao, nikamwambia nimeshaipangia ada ya mtoto. Akanizaba kofi la uso mbele ya binti yetu mkubwa, halafu akaenda kuchukua msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, akafungua Suratun Nisaa aya ya 34, ile yenye neno la kumpiga mke, akaniambia soma mwenyewe. Sio mara ya kwanza. Nilikwenda kwa shehe wa mtaa, akaniambia nivumilie, aya iko wazi na pepo ya mwanamke iko kwa mumewe. Mdogo wangu anasoma chuo, akanitumia video ya wanawake wa Kiislamu wanasema lile neno halina maana ya kupiga, lina maana ya kuachana. Mume wangu alipoiona akasema hao ni mafenimisti, makafiri, na nikiwafuata nimekufuru na ndoa imevunjika. Mimi nampenda Mola wangu na sitaki kuitupa Qurani, ila kila nikifika kwenye hiyo aya moyo unaniuma. Nikisema sikubali kupigwa, nimekataa aya ya Mungu?"

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Jibu fupi nakupa hapahapa usije ukahangaika kulitafuta chini: hapana, hujakataa aya, hujakufuru, ndoa haivunjiki kwa kuangalia video kwenye simu, na lile kofi ni haramu hata kwa wanazuoni wakali kabisa waliofariki mamia ya miaka kabla neno fenimisti, yani mtetezi wa usawa wa wanawake, halijasikika duniani.

Sasa tuingie ndani, na nitakwenda taratibu kwa sababu naona hofu yako sio ya kupigwa peke yake. Umewekwa njia panda, ukinyamaza unaumia, ukisema unaambiwa umetoka kwenye dini. Hiyo njia panda imetengenezwa na watu, haimo kwenye Qurani, na nataka nikuonyeshe kwa vitabu vilevile wanavyovitegemea hao waliokuweka hapo.

Tuanze na hiyo hela. Mumeo alikufungulia aya ya 34. Fungua tena wewe mwenyewe, rudi nyuma aya mbili tu, soma ya 32. Inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mgao wa kikoba chako, hela uliyoipata kwa kukaa kwenye cherehani, ndo fungu ulilolichuma, na hakuna madhehebu hata moja inayosema mke asipompa mume hela yake amekuwa muasi. Halafu hiyo 34 yenyewe inavyoanza, inasema wanaume ni wasimamizi wa wake zao, na moja ya sababu inayotajwa palepale ni mali wanazozitoa. Matumizi ya mtoto ni juu ya baba. Yani siku ile wewe ulikuwa unamlipia yeye kitu ambacho ni wajibu wake, akakupiga ili akuzuie, halafu akakuletea aya inayomkumbusha kwamba kutoa ni kazi yake. Aliruka mwanzo wa aya akaenda moja kwa moja kwenye neno alilokuwa analitafuta, na kusoma Qurani kwa staili hiyo hakukubaliki kwa mwanazuoni yeyote, wa zamani wala wa sasa.

La pili, uso. Kuna hadithi kwenye Sunan ya Abu Dawud, sahaba mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) haki ya mke juu ya mume ni ipi, akaambiwa umlishe unapokula, umvishe unapovaa, usimpige usoni, usimtolee maneno ya kumdhalilisha. Usoni. Hata wale wanaosema mume ana ruhusa ya kupiga wameweka masharti mpaka ile ruhusa inabaki kama jina tu: iwe ni nushuzi ya kweli, yani uasi mzito wa ndoa na sio ubishi wa hela wala chakula kuchelewa, awe ameshanasihi, awe ameshahama kitanda, isiache alama, isiumize, isiguse uso, iwe anaamini itasaidia na kama anajua haitasaidia basi ni haramu, na akimuumiza analipa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas alipoulizwa pigo lisiloumiza ni lipi akasema kwa msuwaki na mfano wake. Mumeo hakufuata hata sharti moja kati ya hayo. Kwa hiyo kabla hatujafika kwa hao wanawake wa kwenye video, kesi yake imeshaanguka kwenye fiqhi, yani sheria ya Kiislamu, ya kawaida kabisa.

Na hapa naomba nikutajie kitabu ambacho shehe wako bila shaka anakijua maana sisi watu wa pwani ni Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, na kitabu hicho kinasomeshwa darsa zetu toka enzi za babu zetu, nacho ni Minhaj cha Imam Nawawi. Kwenye mlango wa nushuzi kuna yale ya mume kunasihi, kuhama na kupiga, ndiyo, yamo, sikufichi. Lakini mlango hauishii hapo. Mbele kidogo Nawawi anasema mume akiwa na tabia mbaya akamuudhi mkewe bila sababu, kadhi amkataze, na akirudia kadhi amtie adabu. Yani mwenye kuadhibiwa pale ni mume. Nimekaa darsa nyingi za wanawake, na kila ninapoisoma sehemu hii kuna anayeniuliza mbona hatujawahi kuisikia msikitini. Inauma, kwa sababu sio elimu iliyofichwa kwenye maktaba ya mbali, iko mlango uleule, ni kutaka tu kuendelea kusoma.

Sasa tuje kwenye hilo neno "aya iko wazi", kwa sababu ndilo linalokufunga. Aya kuwa ya Mungu hakuna Muislamu anayebisha. Lakini kutoka kwenye aya mpaka kwenye hukumu ya "wewe fulani leo fanya hivi" kuna kazi ya binadamu katikati, na kazi hiyo ndiyo tafsiri na fiqhi. Lazima mtu aulize, hii amri ni ya wajibu au ni ruhusa tu? Mtume alifanya nini nayo? Aya nyingine kwenye maudhui hiyohiyo zinasema nini? Inamhusu nani, kwenye hali gani? Hayo maswali sio ya wanawake wa Marekani, ndo maswali ya mwanafunzi yeyote wa usulul-fiqhi, elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu. Na majibu yake yametofautiana toka mwanzo.

Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za waliowafuata masahaba, huyu ndiye aliyeipokea ile habari ya msuwaki kutoka kwa Ibn Abbas, aya hii anaijua vizuri. Yeye alisema mume hampigi mkewe, bali anaweza kumkasirikia, basi. Karne nyingi baadaye Ibn al-Arabi, kadhi wa Kimaliki wa Andalusia (sio yule Ibn Arabi wa kisufi, watu huwachanganya), akaileta kauli hiyo akaisifu, akasema huu ndo ufahamu wa Ata, alielewa kwamba amri pale ni ruhusa tu, na kwa upande mwingine akajua kwamba kitendo chenyewe kinachukiza kwa sababu ya maneno ya Mtume. Imam Shafii mwenyewe alipendelea kuacha. Na karibu zaidi na sisi, Ibn Ashur wa Tunisia, shehe mkubwa wa chuo cha Kiislamu cha Zaytuna aliyefariki 1973, aliandika kwenye tafsiri yake kwamba watawala wakiona wanaume wanaitumia vibaya ruhusa hii, wana haki ya kuwazuia na kutangaza kwamba anayempiga mkewe ataadhibiwa. Hao wote ni wanaume wenye vilemba, hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye video ya mdogo wako.

Na juu ya wote hao yuko Mtume mwenyewe. Bi Aisha, mke wake, aliyekaa naye chumba kimoja, anasema kwenye Sahih Muslim kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kitu chochote kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa kwenye jihadi. Na walikuwa na ugomvi wa nyumbani, msidhani hakukuwa na ugomvi, aliwahi kuwahama wakeze mwezi mzima, lakini mkono hakunyanyua. Aliwahi kusema msiwapige waja wa kike wa Mwenyezi Mungu. Omar akaja kulalamika kwamba wanawake wamekuwa wakaidi kwa waume zao, marufuku ile ikalegezwa, wanawake wengi wakaja kwenye nyumba za Mtume kuwashtaki waume zao, naye akasema wanaume wale sio wabora wenu. Fatma bint Qays alipoposwa na watu wawili akaja kuomba ushauri, Mtume akamwambia kuhusu mmoja wao, Abu Jahm, kwamba huyo fimbo haishuki begani mwake, usiolewe naye. Ukiwa na mtu anayesema kupiga ni sunna muulize hiyo sunna ni ya nani.

Nitakuwa mkweli kwako pia upande wa pili, maana wakikubana na hoja ambayo hukuisikia kwangu utaniona nilikudanganya. Kuna habari kwenye vitabu vya tafsiri kwamba aya hii ilishuka baada ya mwanamke kupigwa kofi na mumewe, Mtume akataka alipizwe kisasi, aya ikateremka, akasema sisi tulitaka jambo na Mungu akataka jambo. Utaletewa hiyo. Njia yake maarufu inaishia kwa Hasan al-Basri ambaye hakukutana na Mtume, sahaba katikati hatajwi, kwa hiyo sio ya kujengea nyumba. Lakini ukweli mwingine ni mzito zaidi: wanazuoni wa zamani wa madhehebu zote kwa ujumla hawakusema kupiga ni haramu moja kwa moja, walibishana mipaka tu. Waliishi kwenye jamii ambayo mume kumtia adabu mke, kama bwana kumtia adabu mtumwa, lilikuwa jambo la kawaida kwao. Hilo lazima tuliangalie usoni, na ndipo hao wanawake unaowaogopa wanapoingia.

Ni kina nani? Sio makafiri na wengi wao sio Wazungu. Amina Wadud ni Mmarekani mweusi aliyesilimu, kitabu chake cha kwanza kuhusu Qurani na mwanamke kilitoka Kuala Lumpur 1992 akiwa anafundisha chuo kikuu cha Kiislamu kule Malaysia. Asma Barlas anatoka Pakistan. Ziba Mir-Hosseini anatoka Iran, kazi yake kubwa ni kuchambua ile fiqhi ya ndoa ilitengenezwaje. Kabla yao Misri ilikuwa na Aisha Abdurrahman, maarufu Bint al-Shati, aliyeandika tafsiri akaheshimiwa na masheikh, ingawa yeye asingejiita fenimisti. Baadhi yao utakubaliana nao, baadhi hutakubaliana, mimi pia sikubaliani na kila kitu. Wadud wengi huku wanamjua kwa kitu kimoja tu, kuswalisha Ijumaa wanaume na wanawake New York mwaka 2005, na kwa sababu hiyo wanafunga mlango kwa kila alichoandika. Mtu anaweza kukosea kwako kwenye swala akakufaa kwenye ndoa. Swali lao kubwa ni moja na ni swali la haki: tafsiri ikiandikwa na wanaume peke yao kwa karne kumi na tatu, je, hakuna walichokipitia juujuu kwa sababu hakikuwauma wao?

Sasa kwenye aya hii wanawake hawa hawasemi kitu kimoja, na video uliyotumiwa imebeba kauli moja tu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu. Ni kauli ya kwamba "wadhribuhunna", lile neno linalotafsiriwa wapigeni, maana yake waacheni, ondokeni kwao. Laleh Bakhtiar, mama wa Kimarekani mwenye asili ya Iran, alitafsiri hivyo kwenye tarjuma yake ya Kiingereza ya 2007. Natamani ingekuwa hivyo. Lakini Kiarabu kinagoma, kitenzi hicho kikiwa na maana ya kuacha au kugeuka huja na herufi maalumu baada yake, na hapa haipo, kimeshika watu moja kwa moja. Ukisimama barazani na hoja hiyo peke yake, ustadhi wa kwanza aliyesoma nahau atakuangusha, halafu watu wataondoka wakidhani haki yako nayo imeanguka.

Kauli ya pili ndiyo ninayoiona ina nguvu, na Wadud aliisema kwenye kitabu cha 1992 na wengine kabla na baada yake. Aya ilishukia jamii ambayo mwanamme akikasirika anapiga papo hapo bila kuulizwa. Ikamwekea vizuizi mbele yake: ongea kwanza, halafu hama kitanda, aya inayofuata inaleta mahakamu wawili, yani wasuluhishi, mmoja wa kwako mmoja wa kwake. Kila kizuizi kinamtoa mtu kwenye hasira. Ukiiona hivyo aya inamshusha mwanamme kutoka kwenye kupiga, na Mtume ameshaonyesha inakoelekea, maana yeye hakupiga kabisa. Wapinzani huuliza, nani kawapa nyinyi ruhusa ya kusema aya inaelekea wapi? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba tumeshafanya hivyo sote, hata hao wanaouliza. Qurani ina aya za watumwa, jinsi ya kuwatendea, kuwaoa, kuwaandikia uhuru wao. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, na hadhi ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria 1897. Aya bado tunazisoma kwenye swala, hakuna shehe leo wa Tanga wala wa Lamu anayesema anayekataa kumiliki mtumwa ameikataa Qurani. Tulielewa kwamba aya zile zilikuwa zinapunguza dhuluma iliyokuwepo, hazikuwa zinaiamrisha. Mlango tulioufungua kwa mtumwa kwa nini tumfungie mke?

Kauli ya tatu ni ya Wadud mwenyewe baadaye, kwenye kitabu chake cha 2006, alifika mahali akasema kwa kusoma kokote maana ya juujuu ya neno hili haiwezi kutekelezwa, anasema hapana. Watu walimrukia. Mimi nisingeliweka kwa lugha yake, naona kauli ya pili inatosha na inakufikisha palepale ukiwa na Ata na Ibn Ashur ubavuni. Ila namuelewa kilichomfikisha pale, na simuiti kafiri. Na mumeo mkumbushie akili yake kwa jambo hilo: Mtume amesema mtu akimwambia nduguye ewe kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Sio neno la kurushiana sebuleni. Ndoa yako haivunjiki kwa yeye kulitamka.

Na kuhusu moyo kukuuma ukiifikia aya, dada yangu usiogope. Bi Umm Salama alimwendea Mtume akamuuliza mbona wanatajwa wanaume kwenye Qurani sisi hatutajwi, ikashuka aya ya 35 ya Suratul Ahzab, Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, wakweli wanaume na wakweli wanawake, mpaka mwisho. Khawla bint Thaalaba alikuja kumlalamikia mumewe, akabishana na Mtume mwenyewe, Suratul Mujadila ikafunguka kwa kusema Mungu amesikia maneno ya huyo anayebishana nawe kuhusu mumewe. Kuuliza kwa maumivu kumeshawahi kujibiwa kutoka mbinguni. Shehe alivyokuambia pepo yako iko kwa mumeo, ipo hadithi ya maana hiyo, inamhimiza mke atazame anavyoishi na mumewe, lakini haimpi mume fimbo, na ipo nyingine inayosema mbora wenu ni mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Na kuvumilia? Aya ya 231 ya Suratul Baqara inawakataza wanaume kuwashikilia wake kwa kuwadhuru. Habiba bint Sahl alipigwa na mumewe Thabit bin Qays mpaka akamvunja kiungo. Mtume alimkuta mlangoni kwake alfajiri, kiza hakijaondoka. Akamwita Thabit, wakaachanishwa.

Sasa ufanyeje. Kwanza nakuuliza mambo ambayo hukuyaandika: amewahi kukukaba shingo? Amekutishia kisu au kukuua? Anawapiga watoto? Una mimba? Vipigo vinazidi? Ikiwa hata moja ni ndiyo, hasa la kukabwa, acha kusoma tafsiri kwa sasa, ondoka wewe na watoto uende kwenu au kwa ndugu unayemuamini, mengine yatafuata. Wanawake wanaokabwa ndio walio karibu zaidi na kuuawa, hili silisemi kukutisha. Na jibu hili usimsomee yeye akiwa amekasirika. Hutaki kushinda mjadala saa nne usiku mlango umefungwa.

Kwa vile uko Tanzania bara sheria iko upande wako wazi kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kumuumiza mwili, hata kama kuna mila inayosema vingine, na inawahusu Waislamu pia. (Zanzibar sheria hii haifiki, huko unaanzia mahakama ya kadhi na polisi.) Ukipigwa tena nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nenda nayo hospitali siku hiyohiyo kabla alama hazijapotea. Piga picha, mtumie mdogo wako azitunze kwenye simu yake, futa kwako. Andika tarehe mahali. Unaweza usizitumie kamwe, lakini baraza la usuluhishi litakuuliza ushahidi, na neno lako peke yako mara nyingi halitoshi, sio haki ila ndo hali ilivyo.

Suluhu ya mahakamu wawili wa aya ya 35 ya Nisaa naipenda, ila kwa masharti. Hakamu wako awe mtu anayeweza kumwambia mumeo umekosea, sio mjomba anayemuogopa. Mkikaa, kipigo kitajwe kwa jina lake na yeye akubali mbele ya watu kwamba hakirudii. Suluhu ya "nyote mna makosa, peaneni mikono" usiikubali. Na kama unamuogopa kiasi kwamba huwezi kusema ukweli akiwa amekaa mbele yako, basi hiyo suluhu sio suluhu, ruka nenda hatua nyingine.

Ikiwa unataka kutoka kwenye ndoa, kesi ya talaka mahakamani kwa kawaida lazima ipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na Waislamu wana mabaraza yao. Hapo kuna mtego mmoja. Wengi wanaopigwa husukumwa kwenye khului, ile wengine wanaita kununua talaka, warudishe mahari na wasamehe haki zao ili tu waachwe. Khului ni halali kwa mwanamke aliyemchoka mume asiye na kosa. Wewe umedhuriwa. Unachotakiwa kudai ni ndoa ivunjwe kwa sababu ya madhara, na haki zako zibaki. Aya ya 19 ya hiyohiyo Nisaa inakataza kumtilia mke dhiki ili mume ajirudishie alichompa. Na kwenye mali mlizochuma pamoja, toka kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango, kwa hiyo usikubali kuambiwa ulikuwa unakaa tu. Tafuta msaidizi wa kisheria, toka ipite Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi na huduma yao ni bure, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya watakuelekeza.

Na ikiwa unataka kubaki, hiyo pia ni haki yako na sikulaumu, watoto watatu sio mchezo. Lakini ubaki ukijua kwamba ukikataa mkono wake hujaasi Mungu. Tafuta shehe mwingine, Tanga ina wasomi wengi, nenda na swali mahususi badala ya kuuliza kwa jumla: "shehe, kumpiga mke kofi la uso kwa kukataa kutoa hela yake, hukumu yake nini kwenye madhehebu yetu?" Swali likiulizwa hivyo jibu lake ni moja.

Huyo binti yako aliyeona, kaa naye kabla mwezi haujaisha. Mwambie baba alikosea. Mwambie pia kwamba Qurani haikumtuma, kwa sababu yeye aliona kofi na msahafu vimefuatana dakika moja, na asipoambiwa na wewe ataviunganisha mwenyewe.

Khului wakikuletea karatasi usiisaini kabla msaidizi wa kisheria hajaisoma, hata kama ni baba yako ndiye anakuharakisha.